Pima Julai Kama Februari

BARAZANI MBULU
Na Emanuela Tluway

Mama yangu alikuwa na debe lililopinda ukingo, na debe hilo ndilo lililotutawala nyumbani Tumati. Kila Ijumaa jioni alilijaza mahindi ghalani, akalitikisa mara moja, akapitisha kiganja juu ili kilichozidi kirudi kwenye lundo. Jumamosi asubuhi mahindi yalikwenda mashineni, na unga wake ulikuwa wa wiki nzima. Akija mgeni, ugali uliongezewa viazi au boga. Debe la pili halikuguswa mpaka Ijumaa nyingine.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nikatambua kwamba alipima vivyo hivyo mwezi wa saba, ghala likiwa limejaa mpaka mlangoni na sisi watoto tukilia kwa nini tunabaniwa. Mwezi wa pili, majirani walipoanza kuzunguka na vikapu wakiomba kukopeshwa, debe letu lilikuwa lile lile.

Namkumbuka kwa sababu ya daftari. Mtoto wa kaka yangu yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma, amepanga chumba Ng'ong'ona. Alipokuja likizo nilimwomba anionyeshe hesabu zake, akaona haya, kisha akalitoa daftari. "Shangazi, usimwonyeshe baba," akasema. Sikumwonyesha, na yeye ameniruhusu niandike.

Bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, lilikuwa limeingia: shilingi 600,000, yaani 10,000 kwa siku kwa siku 60. Kodi ya chumba ya miezi mitatu, 120,000. Madeni ya siku za kusubiri, 85,000. Nyumbani, kwa sare na madaftari ya wadogo zake, 100,000. Viatu, 45,000. Chakula cha wiki ya kwanza, chipsi na kuku pamoja na wenzake waliokuwa wamefunga mikanda muda mrefu, 60,000. Wiki ikaisha akiwa na 190,000 za kumfikisha siku 53. Gawanya uone: haifiki 3,600 kwa siku. Hapo toa daladala, toa fotokopi, toa sabuni. Kinachobaki ni sahani moja ya wali maharage kwa mama lishe, na ndiyo maana vijana wakawa na neno lao, pasi ndefu: asubuhi hakuna, mchana hakuna, unakula jioni ili ulale.

Simlaumu kwa kuku. Aliyekaa na njaa wiki tatu, fedha ikiingia, mwili wake hudai. Ila kuna kosa kwenye daftari lile ambalo nimeliona kwa wanafunzi wengi wa kwetu, nalo linatokana na jina tunaloipa fedha yenyewe. Wanaiita bumu, sisi wazazi tunaiita posho, na wote tunaichukulia kama mshahara. Mshahara huja kila mwezi. Hii huja mara chache kwa mwaka, kwa mkupuo, kisha kimya kirefu. Hayo ni mavuno, na mtoto wa Tumati anayajua mavuno kuliko mtoto wa mjini. Ameshaona ghala likijaa na likipungua. Kwa nini afike Dodoma asahau debe?

Yeye alilikumbuka. Muhula uliofuata aliungana na wenzake wawili wa nyumba hiyo hiyo. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa 20,000, wanakwenda soko la Sabasaba na 60,000. Mchele kilo tano, 13,000. Unga kilo tano, 7,000. Maharage kilo tatu, 9,000. Mafuta lita moja, 5,500. Sukari kilo moja, 3,000. Dagaa wa 4,000. Nyanya, vitunguu na mboga za majani, 10,000. Zinazobaki, 8,500, zinawekwa kwenye kopo la gesi, kwa kuwa gesi ndiyo inayowaumbua wengi: hununui kila wiki, ukaiacha nje ya hesabu, halafu mtungi unaisha sufuria ikiwa jikoni. Maharage wanayaloweka usiku, wanayachemsha mara moja, wanayaunga kidogo kidogo kwa siku tatu. Bei hizo zitapanda na kushuka, lakini mpangilio wenyewe niliusoma mara mbili kwa furaha. Shilingi 20,000 kwa wiki, mtu anakula mara tatu kwa siku.

Alinieleza pia kwamba fedha ya wiki zijazo hakai nayo kwenye simu. Ameiacha benki, na kila Ijumaa anahamisha ya wiki moja tu. Nikamwambia bibi yake angempenda.

Sasa niseme na wazazi wenzangu, maana ile 100,000 ya "nyumbani" imenikaa kooni tangu siku ile.

Fedha ya Bodi ya Mikopo ni mkopo. Jina la bodi linasema hivyo tangu ilipoanza kazi mwaka 2005, lakini tukiwa huku tunasikia tu kwamba mtoto "amepata". Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Ilikuwa asilimia 8, sheria ikaipandisha mwaka 2016. Ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikilivimbisha deni kila mwaka ilifutwa mwaka 2021, na wengi wetu tulishukuru, lakini deni lenyewe lipo pale pale. Kwa hiyo unapompigia simu mtoto na kusema, "Baba, tuma kidogo, mdogo wako amerudishwa kutoka shule," umemtuma akukopee wewe kwa dhamana ya mshahara ambao hajaupata, huku yeye akipiga pasi ndefu. Hawezi kukukatalia. Watoto wetu wamelelewa kutokumkatalia mzazi, na adabu hiyo hiyo ndiyo inayowalaza njaa.

Najua umaskini wa kwetu. Najua wapo waliosoma huku ghala la kwao halipo kabisa: Desemba 3, 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani, lilikwenda na nyumba, mifugo na akiba za chakula. Mtoto wa nyumba kama hiyo akituma 100,000, sina neno. Nasema na sisi ambao mahindi tunayo, tena tunayauza wakati wa mavuno bei ikiwa chini, kisha mwezi wa kumi tunamwomba mwanafunzi.

Gunia la debe sita lina kama kilo 100. Vijana watatu wanaotumia kilo tano za unga kwa wiki, wakilisaga dona, litawafikisha wiki 20, muhula mzima na ziada. Barabara ya Babati hadi Dodoma ni lami tangu 2018, na mabasi yanabeba mizigo. Gunia moja la mahindi, debe la maharage na dumu la mafuta ya alizeti kutoka nyumba moja kati ya hizo tatu, kwa zamu, vingewapunguzia watoto hao zaidi ya shilingi 5,000 kila mmoja kwa wiki.

Serikali nayo isidhani imemaliza. Kupandisha posho kutoka 8,500 hadi 10,000 mwaka 2023 kulisaidia, lakini 10,000 hiyo ni ya chakula na malazi kwa pamoja, na kodi za vyumba kuzunguka vyuo hazina wa kuzisimamia. Fedha ikichelewa wiki mbili, hakuna daftari linalookoa. Hapo ndipo kijana anapofungua simu na kuingia kwenye mikopo ya mitandaoni, ambayo Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 kwamba programu na majukwaa yake 69 hayana leseni. Tarehe ya malipo ijulikane na ishikwe. Mkulima hupanga kwa sababu anajua mvua za masika huja mwezi gani.

Jumatatu iliyopita kaka yangu na mimi tulipakia gunia Dongobesh, alfajiri, baridi ikikata masikio. Kaka aliandika jina la mwanawe kwa kalamu nene, pande mbili. Jioni simu ikaita.

"Shikamoo shangazi. Mzigo umefika."

"Marahaba baba. Debe mmepata?"

"Tumenunua ndoo ya lita kumi. Tumeitia alama ya msumari kwa ndani."

"Alama iko wapi?"

"Juu ya nusu, shangazi. Ijumaa hadi Ijumaa."