Leza Haifuti Miwani ya Kusomea

Upasuaji wa macho kwa leza hubadilisha umbo la konea, utando angavu wa mbele ya jicho wenye unene wa takriban nusu milimita. Lenzi iliyo ndani haiguswi. Hilo peke yake linatosha kuangusha dai linalochapishwa kila mara, kwamba aliyefanyiwa ameagana na miwani maisha yake yote. Asiyeona mbali anaweza kweli kuiweka kando akiwa na miaka 28. Ila lenzi hukakamaa umri unavyosonga, na baada ya miaka 40 simu itaanza kusogezwa mbali na uso ili isomeke, leza iwe imepita au haikupita.

Dai kwamba hakuna maumivu nalo ni nusu ya ukweli. Katika LASIK, aina moja ya upasuaji huu, kipande chembamba cha konea hufunuliwa, tishu ya chini yake huchongwa, kisha hufunikwa. Wengi huona vizuri kesho yake. Katika PRK, aina nyingine, tabaka la juu la konea huondolewa, na siku za mwanzo huuma hasa. Macho makavu na duara za mwanga kuzunguka taa za usiku huweza kudumu miezi. Kwa wachache hayaishi.

Mwenye konea iliyochongoka kama koni hafai kabisa kwa LASIK, hivyo kliniki isiyopima umbo la konea kwanza ni ya kukimbiwa. Wanaovaa lenzi za machoni huzivua siku kadhaa, pengine wiki, kabla ya kipimo hicho, kwa kuwa huipotosha konea.