Flashi Inayopita Mikono Mingi



Katika miji yetu midogo kama Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, flashi hupita mikono mingi. Kijana huipeleka steshenari kuchapa barua ya kuomba kazi. Baba huweka humo nakala ya hati ya kiwanja, na mama picha za nikahi ya binti yake. Kisha flashi hiyo hiyo huchomekwa kwenye kompyuta ya nyumbani, wala hakuna anayeuliza ilipita wapi.

Nasaha tuliyoizoea ni kutofungua faili tusilolijua. Ni nasaha njema, lakini haitoshi. Tarehe 11 Machi 2025, kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya Windows, yakiwemo ya kasoro kadhaa katika sehemu inayosoma diski. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba wahalifu walikwisha kuzitumia baadhi ya kasoro hizo kabla ya dawa kupatikana.

Kila diski, mbali na mafaili, hubeba orodha ya vilivyomo: majina, ukubwa na mahali pa kila kitu. Kompyuta huisoma orodha hiyo kwanza, na hapo ndipo penye hatari. Tuchukue mfano wa Tabora ya zamani, misafara ya pwani iliposhusha mizigo Unyanyembe. Tuseme mtunza ghala ameambiwa mzigo ni frasila mbili, naye akautengea nafasi ya frasila mbili bila kuupima. Kumbe ni frasila nne! Ziada itaangukia mizigo ya wengine. Ndivyo inavyokuwa katika kumbukumbu ya kompyuta: data iliyozidi hufunika ya jirani yake, na mhalifu huipanga ziada hiyo igeuke kuwa amri zake.

Baadhi ya kasoro hizo zilihitaji mtumiaji ashawishiwe kufungua faili la namna ya pekee, ambalo kompyuta hulipokea kama diski nzima. Katika nyingine, aliyeifikia kompyuta kwa mkono wake aliweza kuchomeka flashi iliyoandaliwa kwa hila, akasoma vipande vya yaliyomo katika kumbukumbu.

Dawa ipo, lakini haimfikii anayeikataa. Wengi wetu huzima masasisho ili kuokoa bando. Tena, tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati marekebisho ya kawaida ya usalama, ila kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza. Kompyuta kuukuu inaweza kuwaka vizuri kila asubuhi, na bado ikawa mlango usio na komeo.

Basi tunashauri haya. Tenga bando la masasisho kama unavyotenga fedha ya umeme. Flashi ya kupeleka steshenari iwe na kile tu kinachochapwa siku hiyo, isiwe sanduku la nyaraka zote za ukoo. Nakala za hati, vyeti na wasia ziwekwe pia katika diski nyingine, isiyotoka nyumbani. Na mwenye steshenari akumbuke kwamba kompyuta yake hupokea siri za mtaa mzima. Kuisasisha ni sehemu ya kazi anayolipwa.

Nyaraka za familia ni amana. Mjane anayedai mirathi, au mtoto anayetafuta cheti chake, hatasaidiwa na majuto yetu baada ya kuvipoteza.