Ndege saa 7:40 usiku: usiku upi?

Mama mmoja wa Konde ameniandikia wiki hii. Mumewe yuko London, viza za familia zimetoka na tiketi zimeshakatwa: yeye, binti wa miaka tisa, mwanawe wa kiume wa miaka minne, na mchanga wa miezi minane. Watabadilisha ndege kwenye kiwanja kimoja cha Ghuba, na muda wa kubadilisha ni saa moja na robo. "Dada, nitawahi na watoto watatu," anauliza, "au nimwambie baba yao abadilishe tiketi?" Mwisho wa ujumbe akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba wanasafiri Ijumaa usiku, kwa hiyo watavuka na boti ya asubuhi siku hiyo hiyo.

Nikamwomba anitumie picha ya tiketi. Imeandikwa Ijumaa, 01:40.

Wazazi wenzangu, hiyo si Ijumaa usiku. Ni saa saba na dakika arobaini, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Wakati boti yake inang'oa nanga Mkoani asubuhi ya Ijumaa, ndege ingekuwa imeshaondoka Unguja masaa mengi nyuma, na mchana baba wa watoto angesimama pale Heathrow akitazama mlango wa abiria hadi mlango utulie. Na hasara haiishii kwenye ndege ile moja. Kwa kawaida abiria asipotokea safari ya mwanzo, kampuni hufuta na zote zinazofuata kwenye tiketi hiyo, ya kurudi ikiwemo.

Sikumcheka, kwa sababu si mambo ya ujinga haya. Tiketi huanza siku saa sita za usiku, sisi vinywani mwetu siku mpya huanza alfajiri, na wazee wetu huanza Magharibi. Marehemu bibi yangu ukimwambia "usiku wa Ijumaa" alikuwa anaelewa ule wa Yasini, yaani Alhamisi jua likishazama. Kwa tiketi hii bibi angefika kiwanjani kwa wakati, na sisi tuliosoma tungechelewa siku nzima.

Kwa hiyo ukipokea tiketi, kabla ya kuwatangazia majirani, igeuze kwa Kiswahili. Saa iliyoandikwa 01:40 iongeze sita, inakuwa 7:40 usiku. Ile ya 14:20 ipunguze sita, inakuwa 8:20 mchana. Kisha iandike kwenye karatasi na uibandike mlangoni: Alhamisi, saa nne na nusu usiku tuwe kiwanjani. Mtoto wa miaka tisa ataisoma kila akitoka kwenda skuli, na ukisahau wewe, yeye hatasahau.

Jambo la pili ni hilo la boti ya siku hiyo hiyo. Hata kama ndege ingekuwa kweli Ijumaa usiku, nisingemshauri. Tiketi yake inaanzia Unguja. Kutoka Pemba hadi Unguja ni safari yake mwenyewe, na kampuni ya ndege haina habari nayo. Bahari ikichafuka na boti isiondoke, au mvua ya masika ikiichelewesha ndege ndogo ya Chake, hakuna atakayemngoja. Mimi yalishanikuta. Nilitoka Chake asubuhi kwa ndege ndogo nikitegemea kuunganisha mchana. Mvua ikashika, tukakaa, na nilipofika Unguja dawati la kukabidhi mizigo lilikuwa limeshafungwa. Madawati hayo mara nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, na mimi nilibakiwa na dakika hamsini. Niliiona ndege yangu kupitia kioo, abiria wanapanda. Tiketi ile niliilipa mara ya pili, na mwanangu alianza muhula bila ya sare mpya.

Vuka siku moja kabla. Na kama unavuka kwa ndege ndogo, kumbuka nyingi huruhusu kilo 15 tu kwa mtu, wakati ndege kubwa inaweza kukuruhusu zaidi ya mara mbili yake. Mabegi makubwa yatangulize kwa boti, yalale kwa jamaa Unguja yakusubiri.

Sasa nirudi kwenye ile saa moja na robo, maana ndiyo aliyoiuliza. La kwanza ni kujua kama tiketi ni moja au ni mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Tazama ile namba ya buking yenye herufi na tarakimu sita. Ikiwa ni moja kwa safari zote mbili, kampuni imekubali kukufikisha London. Ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, ni juu yao kukutafutia nyingine. Usitoke nje na usinunue chochote, nenda kwenye dawati la wanaobadilisha ndege. Zikiwa namba mbili, utatakiwa kutoka kama mgeni, uchukue mabegi na kuyakabidhi upya, na kama paspoti yako inahitaji viza ya nchi hiyo, usipokuwa nayo hutoki. Kwa tiketi mbili saa moja na robo haitoshi hata kwa kijana asiye na begi.

Ya mama huyu ni moja. Unguja atapewa bodingi pasi zote mbili, na kwenye karatasi za mabegi zitasomeka herufi za kiwanja cha mwisho. Heathrow ni LHR. Akiona herufi za kule Ghuba peke yake, aulize pale pale kabla begi halijaondoka.

Muda wenyewe si dakika 75. Geti hufungwa mara nyingi dakika 15 hadi 20 kabla ya kuruka, na kushuka na watoto kutoka viti vya nyuma kunaweza kula robo saa. Zinabaki kama arobaini, na ndani yake kuna ukaguzi wa mikoba upya. Basi aombe viti vya mbele mapema. Kabla ndege haijaanza kushuka watoto wote waende chooni, hata anayesema hana haja, kwa sababu huyo ndiye atakayeshikwa katikati ya njia. Mchanga afungwe kwa kanga kifuani. Ukaguzini wanaweza kumwambia amfungue, lakini kwingine kote mikono yake iko huru. Binti wa miaka tisa apewe kazi ya kusoma ubao na kutafuta namba ya geti. Wa miaka minne ashikwe mkono asiachiwe. Doha, kwa mfano, kuna dubu mkubwa mno wa njano katikati ya ukumbi, na sijaona mtoto aliyempita bila ya kusimama. Muahidi picha yake safari ya kurudi.

Saa ya mkononi nayo. Doha na Addis Ababa wanakwenda na saa yetu. Muscat na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, na saa usiyoibadilisha itakwambia una muda wakati geti linafungwa.

Na zawadi. Asali na samli ukiziweka kwenye mkoba wa mkononi, kiwanja cha kubadilishia watazichukua, maana chombo cha kimiminika hakipiti kikizidi mililita 100. Maziwa ya mchanga huwa yanaruhusiwa, ila uyatoe na kuyaonyesha. Mkate wa kumimina haumsumbui mtu. Karafuu ziacheni nyumbani, zina sheria zake.

Je, baba abadilishe? Kama kubadilisha hakuna gharama, ningetafuta saa mbili na nusu au tatu. Akina baba wanaokata tiketi kutoka ng'ambo hujipima wenyewe, mtu mmoja na begi la mgongoni, na hamu ya kuwaona wanawe inamfanya achague safari fupi kuliko zote. Kwa huyu mabadiliko yangekula pesa nyingi, kwa hiyo nimemwambia abaki nayo na ajipange.

Jana kanijibu. Wanavuka Jumatano, watalala Kikwajuni kwa shangazi yao watoto. Asali iko kwenye begi kubwa, na binti ameshaanza kumfundisha mdogo wake kusoma namba za mageti.