Jina Ukutani, Namba Shambani

Mtu wa Songea afikapo Dar es Salaam na kuuliza ulipo Ukumbi wa Karimjee, haelekezwi mara mbili. Bunge la nchi huru lilikutana humo tangu 1961, na Spika wake siku ya Uhuru alikuwa Abdulkarim Karimjee, mtu wa ukoo ule ule ulioupa ukumbi jina lake.

Hatuandiki haya ili kuutukana ukoo huo. Ulifika Unguja kutoka Bara Hindi katika karne ya 19, ukafanya biashara kwa bidii, ukasaidia ujenzi wa hospitali huko Unguja. Hata mwaka 1967, Serikali ilipotaifisha mashamba ya mkonge, haukufunga virago. Lenye haki lazima lisemwe.

Lakini twauliza: utajiri uliolikuza jina hilo, mikono ya nani iliuchuma? Sehemu yake ilitoka katika mkonge, na mkonge haujikati wenyewe. Vijana wa Songea, Wangoni na Wandendeuli, waliandikishwa makundi kwa makundi kwenda Tanga na Morogoro. Tangu 1944 wenye mashamba, Wazungu na Wahindi pamoja, walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU. Mshahara ulilipwa kipande kikijaa siku 30. Na huko shambani hawakujulikana kwa majina ya baba zao. Kila mmoja alikuwa na namba, nao wote wakaitwa manamba.

Ndiyo maana jina la tajiri limeandikwa ukutani, na la mkata mkonge likapotea daftarini. Wengine walirudi na shuka na blanketi. Wengine walizikwa huko huko.

Hatusemi jina la Karimjee lifutwe. Kulifuta hakumrudishii mtu lake. Twasema la manamba liandikwe. Mji wetu wajua kazi hiyo: Makumbusho ya Majimaji yatunza kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa hapa mwezi Februari 1906. Basi kila tawi na kila shule ya Ruvuma ifungue daftari, iandike jina la mtu, la baba yake, kijiji chake na shamba alilokwenda. Wazee wenye habari hizi wamebaki wachache, na kila msiba waondoka nazo.

Jina la tajiri lina ukumbi wa kulitunza. La mfanyakazi halina mtunzaji ila sisi.