Mwanya Katikati ya Uwanja



Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, mama mmoja alibisha hodi nyumbani kwangu. Mwanawe, kijana wa miaka 14, hucheza kiungo katika timu ya chuo chetu, nami ndimi niwafunzaye kwa kuwa hakupatikana mwingine. "Maalim," akasema, "tangu umkaripie mbele ya wenziwe hataki mpira, na sasa hataki hata chuo." Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumefungwa mabao 4, yote yakipitia katikati, nami nikamwambia mtoto wa watu, kadamnasi, kuwa ni mvivu.

Usiku ule niliupitia mchezo wote akilini, nikabaini kuwa kosa lilikuwa langu. Washambuliaji wetu walikuwa wakiufukuza mpira hadi karibu na lango la wapinzani, ilhali mabeki walibaki nyuma kabisa kwa woga. Baina yao palikuwa na uwanja mtupu wa kama mita 40, na humo nilimwacha mtoto yule na mwenziwe mmoja. Akimfuata huyu, yule yu huru. Hata farasi angechoka.

Wasomaji wengi, hasa kina mama, wanaikumbuka michuano ya Kombe la Dunia ya Qatar mwaka 2022 kwa jinsi Sofiane Boufal alivyocheza na mamake uwanjani baada ya Moroko kuitoa Ureno. Furaha ile ilitukaa nyoyoni, lakini ni wachache waliotazama kilichoileta. Kabla ya nusu fainali, timu ya kocha Walid Regragui ilikuwa imecheza mechi 5 na kufungwa bao 1 tu, nalo walijifunga wenyewe walipocheza na Kanada. Uhispania ilipiga kama pasi 1,000 katika dakika 120 isipate bao, kisha ikakosa penalti zake zote 3.

Wale hawakutegemea kukimbia tu. Walisimama kwa mistari iliyokaribiana, walinzi, viungo na mshambuliaji, hata aliyetaka kupenya katikati akakuta watu watatu mbele yake. Sofyan Amrabat alikaa mbele ya mabeki, viungo wawili karibu naye, na mawinga, hata Hakim Ziyech mwenye sifa zote za kushambulia, wakirudi kuikamilisha safu. Wapinzani waliachiwa pembeni, wakanyimwa katikati, kwa kuwa katikati ndiko liliko lango.

Mpira ukienda kulia, wote husogea kulia, na winga wa kushoto huacha upande wake wazi. Hapa ndipo wazazi wanaotazama hupiga kelele, "Rudi kwako!" Wasipige. Mpira wa kuvushwa kutoka upande hadi upande hukaa hewani, na muda huo humtosha kurudi. Kuurukia mpira nako kuna wakati wake: mpinzani anapoupokea vibaya, anapogeuzia lango mgongo, au anapobanwa kwenye mstari wa pembeni. Tena akienda mmoja, walio karibu naye wafuate. Akienda peke yake amefungua mlango. La mwisho, nalo ndilo gumu kwa watoto, mpira ukisonga mbele mabeki nao wasonge, na kipa atoke langoni kuchunga nyuma yao. Katika nusu fainali na Ufaransa, majeraha ya mabeki yalivuruga mpango huo wa Moroko, wakafungwa mapema, dakika ya 5.

Ajabu ni kwamba sisi kila siku, kabla ya takbira, huwaambia watu wanyooshe safu na kuziba mianya. Mimi husema hayo mara tano kwa siku, na uwanjani sikuyasema hata mara moja.

Jumatatu nilichukua kamba ya makumbi, nikawafunga viungo wanne viunoni, kila mmoja hatua kama nane kutoka kwa mwenziwe, nikawa naupeleka mpira huku na huku. Aliyechelewa alivutwa, aliyekimbilia mpira peke yake aliwaangusha wenziwe. Walicheka hadi magharibi. Jumatano tuliifungua kamba, na bado walisogea pamoja, ingawa mabeki wangali wana woga.

Nilikwenda kwa yule mama. Alinikaribisha chai na mahamri, mtoto akakaa kimya, kichwa chini. Nilimwomba radhi pale, na siku ya pili nikasema mbele ya timu nzima kuwa nilimdhulumu, maana ni mbele yao nilipomvunjia heshima. Chuoni amesharudi, alhamdulillah. Mpira, mamake ananiambia, bado anaufikiria, nami sikumhimiza.

Wabillahi tawfiq.