Bingwa ni wa Msimu au wa Jioni Moja?

Na Nahodha wa Bweni la Juu

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Sisi wa bweni la juu tulienda pole msimu mzima, tukaja kujikwaa hatua ya mwisho kabisa, mbele ya shule nzima. Nimeshika kalamu si kwa kulia, maana kilio chetu kilikwisha jioni ile ile nyuma ya bafu. Nataka kuuliza swali ambalo limezigawa meza za chakula tangu siku ya fainali: bingwa wa kweli ni yupi? Ni yule aliyeongoza ligi tangu mwanzo hadi mwisho, au ni yule aliyeshinda mchujo jioni moja?

Kwa walimu wetu ambao hawafuati sana mambo ya mpira, hebu nieleze yalivyokuwa. Mabweni yetu ni sita. Kila bweni hukutana na jingine mara mbili, kwa hivyo kila timu hucheza mechi 10. Sisi tulishinda 7, tukatoka sare 2, tukafungwa 1 tu. Jumla pointi 23. Ndugu zetu wa bweni la chini, lile la kando ya kisima, walishinda 5, sare 1, wakafungwa 4. Jumla pointi 16, nafasi ya tatu. Ligi ilipokwisha, timu nne za kwanza zikaingia mchujo. Sisi tukawatoa wa nne, wao wakawatoa wa pili, tukakutana fainali. Dakika tisini zikaisha 1–1. Penalti zikapigwa, tukashindwa 4–3. Kikombe kikashuka kisimani, na zile pointi 7 tulizowazidi zikayeyuka kama chumvi ndani ya maji.

Ubishi ulianza kabla hata nyavu hazijashushwa. Wenzetu walisema, "Kikombe kiko wapi? Mwenye kikombe ndiye bingwa, basi!" Sisi nasi tukajibu, "Someni jedwali lile ubaoni, kama macho mnayo!" Ubishi haukuishia langoni mwa shule. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kununua machungwa sokoni Kombani, pale njia panda barabara ya Kwale inapoachana na ile itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Tulikuwa bado tunazozana. Mzee mmoja muuza madafu alitusikiliza kwa muda, halafu akatuita.

"Shikamoo, babu," tukamwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mwagombania nini asubuhi yote hii?"

Tukamweleza. Akacheka, akalishika dafu moja akalipima mkononi. "Sikizeni. Mnazi hauhukumiwi kwa dafu moja. Huutazama mwaka mzima ndipo ukajua kama wazaa ama wala mbolea ya bure."

Tukashangilia sisi wa bweni la juu, mkono juu, utadhani tumerudishiwa kikombe. Lakini kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria akadakia: "Kweli, mzee, lakini mimi kiu ninayo leo. Dafu ni hili moja utakalonipa sasa. Likiwa bovu, mwaka mzima wanisaidia nini?"

Wallahi, msomaji, sote tulinyamaza. Nilirudi shuleni na machungwa yangu nikiwaza kwamba katika maneno yale mawili ndimo ulimo ubishi wote wa mwisho wa msimu, hapa kwetu na duniani kote.

Kwani ubishi huu si wetu peke yetu. Tazama mchezo wa besiboli, ambao wengi wetu tuliusikia pale vijana wa Lugazi, Uganda, walipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka wa 2012. Katika ligi kuu ya Marekani kila timu hupangiwa mechi 162, kisha zile bora huingia mchujo. Mwaka wa 2001 timu ya Seattle Mariners ilishinda mechi 116. Ulikuwa msimu wa ajabu. Ilipofika mchujo, ikatolewa na New York Yankees kabla hata ya kuingia fainali. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 2006, St. Louis Cardinals walishinda mechi 83 tu katika msimu, lakini kikombe wakakibeba. Mashabiki wa Seattle hadi leo wana haki ya kuuliza: mechi 116 zilikuwa za nini?

Uingereza nako ni yale yale. Katika ligi ya daraja la pili, timu mbili za kwanza hupanda moja kwa moja, na baadhi ya zile zinazofuata hucheza mchujo kuwania nafasi moja iliyobaki. Msimu uliokwisha Mei 2025, Sheffield United walimaliza wa tatu kwa pointi 90, na Sunderland wa nne kwa pointi 76. Tofauti ya pointi 14! Wakakutana fainali pale Wembley, Sunderland wakashinda 2–1 kwa bao la dakika za nyongeza. Pointi 14, mara mbili ya zile zetu 7, zikaenda na upepo kwa mkwaju mmoja.

Sasa mwaweza kudhani kwamba nitahitimisha kwa kusema mchujo ufutwe. Kusema kweli, hivyo ndivyo nilivyotaka kuandika wiki ile ya kwanza, na karatasi nilikuwa nimekwisha kuijaza. Lakini niliichana. Nilikumbuka mwaka uliotangulia, ambapo hatukuwa na mchujo. Ilikuwa ligi tupu, wa kwanza ndiye bingwa. Je, mwakumbuka yaliyotokea? Kufikia mechi ya saba, mabweni matatu yalikuwa yamekata tamaa. Bweni moja lilileta wachezaji saba uwanjani, wengine wakifua nguo. Jingine halikuja kabisa, wapinzani wakapewa pointi tatu za bure huku wamekaa chini ya mwembe. Timu iliyokutana na wavivu wale mapema, walipokuwa bado na hamu, ilitoka jasho. Iliyokutana nao mwishoni ilipewa zawadi. Sasa haki iko wapi hapo? Jedwali tunaloliapia lilikuwa limepinda, nasi hatukuliona kwa sababu halipigi kelele kama penalti.

Mwaka wa mchujo haukuwa hivyo. Hata wa mwisho alikimbia hadi mechi ya kumi, kwa sababu nafasi ya nne ilikuwa bado yawezekana. Na siku ya fainali, nani hakuja? Wapishi walitoka jikoni na aproni zao. Mwalimu wa Hisabati, ambaye hatujawahi kumwona uwanjani, alisimama kwenye mstari akihesabu dakika. Yule kijana wa bodaboda hakukosea: watu wana kiu, na mchujo huwapa kinywaji.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Mchujo ubaki, lakini usiufute msimu. Kosa letu si kucheza fainali. Kosa letu ni kuiingia fainali kana kwamba ligi haikuchezwa.

Natoa mfano wa jirani zetu. Msimu wa 2024/25 wa Ligi Kuu ya Tanzania, mechi ya Yanga na Simba iliyopangwa kuchezwa tarehe 8 Machi 2025 haikuchezwa. Ikasogezwa hadi tarehe 25 Juni, ikawa mechi ya kufungia msimu. Yanga walikuwa mbele kwa pointi moja tu. Kwa maneno mengine, ligi yenyewe ilijitengenezea fainali. Lakini angalia jambo hili: Yanga hawakuanza sawa na Simba jioni ile. Sare ingewatosha Yanga, Simba walilazimika kushinda. Ile pointi moja waliyoichuma katika mechi 29 za nyuma iliingia nao uwanjani. Yanga wakashinda 2–0, na hakuna aliyeweza kusema kwamba msimu umepotea bure. Hata kwetu Kenya, mwaka wa 2012, siku ya mwisho ya ligi ilifika Tusker, Gor Mahia na AFC Leopards wakiwa bado wote wana tumaini, na Tusker wakatwaa ubingwa kwa pointi moja mbele ya Gor Mahia. Iliuma, lakini ilikuwa hesabu ya mwaka mzima. Gor walirudi wakautwaa mwaka wa 2013, baada ya kuungoja tangu 1995.

Natoa basi mapendekezo matatu kwa idara ya michezo na kwa manahodha wenzangu.

Kwanza, timu nne kati ya sita kuingia mchujo ni nyingi mno. Chekeche gani hilo linalopitisha hata makapi? Ziingie tatu. Wa pili na wa tatu wacheze nusu fainali, na wa kwanza aende fainali moja kwa moja. Hivyo kuongoza ligi kutakuwa na faida, na nafasi ya tatu itawafanya walio nyuma wasikate tamaa mapema.

Pili, fainali ikiisha sare, kikombe kichukuliwe na aliyeongoza ligi. Penalti zisiwepo. Anayetaka kumpokonya kiongozi taji lake, na amfunge. Huo ndio ulikuwa uungwana wa ile jioni ya Yanga na Simba.

Tatu, bweni lisiloleta timu uwanjani likatwe pointi, na aliyeongoza ligi atajwe mbele ya gwaride na kupewa cheti chake, hata akishindwa fainali.

Najua kuna watakaosema, "Acha kujiliwaza, bwana! Maisha ni siku moja. Huoni KCSE? Miaka yote minne huamuliwa na mtihani mmoja." Nawajibu kwa heshima: hata KCSE si mkwaju mmoja wa penalti. Kiswahili peke yake kina karatasi tatu, ya Insha, ya Lugha na ya Fasihi. Ukiteleza kwenye Insha, bado una Fasihi ya kujikomboa. Na michezo yetu ya shule za sekondari, inayoanzia kanda, ikapanda kaunti ndogo, kaunti, jimbo la Pwani, hadi taifa, hutoa watu upesi kwa sababu shule ni nyingi na siku ni chache. Sisi hapa nyumbani tuna muhula mzima na uwanja mmoja. Haraka yetu ni ya nini?

Nimalizie na jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Penalti ile ya mwisho iliyogonga mwamba ilipigwa na mdogo wetu mmoja. Jina lake silitaji, sote twamjua. Alicheza mechi zote 10 za ligi. Ndiye aliyefunga bao la kuongoza katika mechi tatu tulizoshinda, ndiye aliyebeba mipira kila jioni kuirudisha stoo bila ya kutumwa. Tangu fainali, watu wamempa jina la "Mwamba". Mwanzoni alicheka. Siku hizi hacheki. Jioni tukienda mazoezini yeye hubaki bwenini, asema ana kazi ya Kemia. Nami nahodha wake, nakiri mbele yenu, siku ile nilimpita bila ya kumpa mkono, na mmoja wa waliolicheka jina hilo mwanzoni nilikuwa mimi.

Jedwali lile la ubaoni limekwisha kufutwa. Lakini mabao yake yalifungwa, na sisi tuliyaona. Ikiwa tutamkumbuka kijana wa watu kwa mpira mmoja na kuyasahau yote aliyoyafanya muhula mzima, basi ubaya hautakuwa wa mchujo wala wa ligi. Utakuwa wetu.

Ndugu zangu wa bweni la chini, hongereni. Kikombe ni chenu, mlikipata kwa sheria tulizozikubali sote kabla ya mechi ya kwanza, na mimi si mtu wa kuidai ngoma baada ya kuicheza. Nashukuru kipa wenu alikuwa wa kwanza kumwinua mdogo wetu alipoanguka, na haya yangu ni kwamba hakuwa mimi. Tukutane msimu ujao. Nawe Mwamba, viatu vyako viko chini ya kitanda changu, nimevipiga rangi. Jumatatu saa kumi jioni, uwanjani.

Alamsiki.