MAMBO YA NYUMBANI: Kiwanda Kikifungwa



Mwezi huu twataka kunena habari ya kazi, hasa kazi ikomapo mahali palipo mbali na miji. Katika mji mkubwa, mtu aliyeachishwa kazi katika mtaa mmoja aweza kwenda kubisha hodi katika mtaa wa pili. Walakini mahali penye kiwanda kimoja tu, lango likifungwa halimfungii mfanya kazi peke yake. Mama auzaye vitumbua langoni, fundi wa baiskeli, mwenye duka, na mwenye kupangisha vyumba, wote hupungukiwa siku ile ile. Ndipo watu hukaa wakiulizana, “Kitafunguliwa lini?” Swali hilo limekula miaka ya watu wengi, nasi twataka kulitazama vema.

Mfano wake uko kusini mwa Tanzania, katika nchi ya Lindi, Masasi, Newala na Nachingwea. Nchi ile ilikuwa mbali kweli kweli. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka wa 2003, magari yalivushwa kwa kivuko, na wakati wa masika njia ilikuwa ikikatika. Watu wa Nachingwea walikuwa wamekwisha kuonja jambo hili zamani. Mwaka wa 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga. Ilipofika mwaka wa 1951 mpango ule ukaachwa, na katika miaka ya 1960 hata reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang’olewa.

Baada ya karanga zikaja korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho kama tani 145,000. Kwa kuuona wingi ule, vikajengwa viwanda vya kubangua, hata vikafika 12 katika nchi nzima, vingi vyao kusini. Lakini viwanda vilipokuwa vikijengwa, mavuno yalikuwa yakipungua. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya, mikorosho ikabaki mbali bila kupaliliwa. Bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, unaoharibu maua kabla hayajazaa. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000, na viwanda vikanyamaza kimoja baada ya kimoja.

Basi, wasomaji, fikirini. Viwanda vile vilikufa kwa njaa, na chakula chao kilikuwa korosho. Mtu aliyekaa langoni akingoja king’ora alikuwa akitazama mahali pasipo dawa, kwa kuwa dawa ilikuwa shambani. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, waliwafundisha wakulima kutumia unga wa salfa kuuzuia ubwiriunga, na katika miaka ya 1990 wafanya biashara binafsi wakaruhusiwa kununua korosho. Karibu na mwaka wa 2000 mavuno yalikuwa yamepita tani 100,000, na msimu wa 2017/18 yalipita tani 300,000. Walakini sehemu kubwa ya korosho hizo ilisafirishwa ghafi, ikabanguliwa India na Vietnam. Mti ulirudi, bali king’ora cha zamani hakikurudi kama kilivyokuwa.

Kazi iliyopatikana, basi, haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa kazi ya kupulizia salfa kwa mashine ya mgongoni, kubebesha miche bora, kupalilia, kupima mizigo na kuandika vitabu katika vyama vya ushirika na maghala. Tena ilikuwa kazi ya kubangua kwa mkono, hasa kwa akina mama. Kazi hiyo si ya kudharauliwa, kwa sababu kokwa nzima huuzwa ghali kuliko iliyovunjika, na mkono uliozoea huvunja chache kuliko mashine nyingi za zamani. Lakini yataka uangalifu: mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, kwa hiyo mikono haina budi kukingwa.

Kwa nyumba iliyopatwa na jambo hili leo, twatoa mashauri manne.

Kwanza, ulizeni sababu ya kufungwa. Kama ni mashine iliyoharibika, huenda kungoja kidogo kukawa na maana. Kama mali ya kutengenezwa imekwisha, au wanunuzi wamehama, kungoja ni kupoteza. Wahenga walisema, Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Pili, msiondoke bila haki yenu. Sheria ya kazi ya Tanzania, ya mwaka wa 2004, yampa mtu aliyepunguzwa kazini, akiwa ametumika mwaka mzima au zaidi, kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mpaka miaka 10. Aliyetumika miaka 20 basi aweza kuhesabiwa miaka 10 tu, yaani siku 70. Tena apewe cheti cha utumishi. Na kama aliajiriwa mahali pengine, asafirishwe pamoja na mizigo yake mpaka pale alipoajiriwa, au alipwe nauli. Akiona ameachishwa kwa njia isiyo ya haki, apeleke shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 30 hazijapita. Aulize pia katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii habari ya fao la kukosa ajira. Na fedha zikija, zihesabiwe kwa siku. Siku 70 ni miezi miwili na kitu ya chakula. Si fedha ya kujengea nyumba, wala ya kuwakopesha jamaa wote.

Tatu, andikeni kazi zote ambazo mikono yenu yazijua. Wengi husema, “Mimi nilikuwa mtu wa kiwandani,” kana kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sivyo. Mmoja alichomelea vyuma, mwingine alitengeneza mota, wa tatu alipika chakula cha watu mia, wa nne alitunza ghala asipoteze gunia. Hizo ni kazi nne, na kila moja yatakiwa mahali pengi. Aliyejifunza ufundi kwa kutenda, bila kupita chuoni, aweza kupimwa na VETA ujuzi wake akapewa cheti. Karatasi hiyo humtangulia mtu mahali asipojulikana.

Nne, mume na mke washauriane kabla ya mmoja kusafiri. Hapa ndipo nyumba nyingi huvunjika. Baba husema, “Nakwenda Dar es Salaam kutafuta,” naye hajasema atakaa muda gani, atafikia kwa nani, wala ataleta nini. Mwezi huzaa mwaka, barua na simu hukoma, na mama hubaki na watoto na deni la dukani. Safari si kosa. Kosa ni safari isiyo na mpaka. Wekeni siku ya kurudi, hata kama hakuna kilichopatikana. Wekeni kiasi cha kutumwa nyumbani, hata kama ni kidogo. Na shamba lisiuzwe kwa ajili ya nauli, maana anayerudi bila kazi na bila shamba amepata hasara mara mbili.

Neno la mwisho ni kwenu, walimu. Kiwanda kikifungwa, watu hupewa karatasi watie sahihi, na wengi huona haya kusema kwamba hawakuzielewa. Wakaribisheni jioni shuleni, msome pamoja nao neno kwa neno kabla kalamu haijashikwa. Waandikieni barua za kuomba kazi, nao wajifunze kuziandika wenyewe. Na watoto wa wale walioachishwa msiwafukuze darasani kwa ajili ya sare iliyochakaa, kwa kuwa mtoto aliyebaki shuleni ni mzigo mmoja uliopungua kwa baba yake anapotafuta.

Wasalaam,
Mwandishi wenu wa Mambo ya Nyumbani